Wagonjwa Wasiorudi

Kuna neno ninalolichukia kuliko matusi yote ninayoyajua, nalo ni "apumzike." Walilisema juu ya mama yangu kwa upole, vichwa vimeinama, vikapu vya chakula mkononi. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Anayekuletea pilau na kukwambia mama yako alale tu, utamjibu nini usionekane huna adabu? Mimi nilijibu, na adabu yangu inajadiliwa mtaani kwetu Buyenzi mpaka leo.

Mimi ni kine. Ndivyo tunavyoitwa Bujumbura, kwa kifupi cha Kifaransa, sisi tunaowafundisha watu kutembea upya baada ya kuvunjika. Kwa miaka mingi nimelipwa mshahara ili niwaambie watu wenye maumivu wasimame. Wananichukia asubuhi, na wakishaanza kutembea wananiombea dua. Nimezoea yote mawili. Sikuzoea kuyafanya hayo kwa mama yangu mzazi.

Mama aliteleza uani kwetu akitawadha alfajiri. Birika likaenda upande wake, yeye upande wake. Nilipofika kutoka Jabe ninakokaa, nikaona mguu wa kulia umefupika na wayo umegeukia nje, sikuhitaji picha ya eksirei. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga. Kwa mtu wa umri wake huo ndio mvunjiko ninaouogopa kuliko yote. Hautoi damu, hauonekani kwa nje. Unamlaza mtu tu, na kulala kunamaliza kazi iliyobaki. Kaka yangu mkubwa alimbeba kwenye gari la mteja wa gereji yake, mikono bado ina grisi, tukamleta hospitali ninayofanya kazi.

Niseme jambo moja mapema, maana hasira yangu yote inatoka hapo. Kuhusu mvunjiko huu hakuna fumbo. Katika nchi nyingi watu wamewafuatilia wazee, waliopasuliwa mapema na waliocheleweshwa, wakalinganisha, wengine wakairudia kazi hiyo hiyo kuhakikisha. Jibu ni lile lile: kama moyo wake unaruhusu, mzee apasuliwe mapema, kabla mapafu hayajajaa na ngozi haijaoza, kisha asimamishwe haraka iwezekanavyo. Nilisomeshwa hivyo. Daktari wetu mkuu wa mifupa ameyasoma hayo hayo, tena kwa Kifaransa kizuri kuliko changu.

Na yule daktari si mjinga wala si mvivu. Vijana wa pikipiki wanaletwa mapaja yamekatika vipande, yeye anawatia chuma ndani ya mfupa, na baada ya muda mfupi ninawapokea mimi na magongo yao. Lakini akiletwa bibi au babu, daktari huyo huyo anageuka mtu mwingine. Anamfunga kamba mguuni, kamba inapita kwenye puli ya kitanda, na mwisho wa kamba kinaning'inia kidumu cha mafuta ya kupikia kilichojazwa mchanga. Mguu unavutwa. Mzee analala chali wiki baada ya wiki. Ndivyo walivyofanya waliomtangulia, na ndivyo alivyomfanyia mama.

Nilimfuata ofisini kwake.

"Docteur, kwa nini hatumpasui?"

"Écoute, sikiliza, kwa umri huu mi simupasui. Tutamuvuta mguu, atapumuzika, mufupa utajishika."

"Ushahidi wa hilo uko wapi?"

Aliinua macho kama mtu aliyeulizwa cheti cha ubatizo wake. "Ushahidi ni mi. Niko apa tangu we uko mwanafunzi wa lycée. Wale wazee natuma nyumbani na mguu yao imenyooka. Umeona hata mumoja amerudi kulalamika?"

Nikatoka. Nilisimama kwenye korido nimeegemea ukuta, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hawarudi. Kijana wa pikipiki akipona anarudi kunisalimia, na akiumwa anarudi kutugombeza. Mzee anatolewa wodini kwa machela, mguu umenyooka kama rula, anaingizwa chumba cha nyuma nyumbani kwao, na akitoka tena humo anatoka amefunikwa. Nani atakuja kliniki kumwambia daktari? Watu wako kwenye matanga. Kwa hiyo daktari wetu, kila asiyerudi, anamweka kwenye kundi la waliopona. Miaka yote hiyo alikuwa anakusanya uzoefu kutoka kwa watu ambao hakuwahi kuuliza waliishia wapi, na alikuwa anautumia kumlaza mama yangu.

Wageni wakaanza kumiminika. Kwetu mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja mmoja. Mtaa wote unahamia wodini, na kumpenda mgonjwa maana yake asinyanyue hata kijiko. Mama alitaka kujiinua kwa ile kamba ya juu ya kitanda, niliyomfungia ili mapafu yafanye kazi; mikono ya wageni ilimrudisha kwenye mto. Alitaka kunywa chai akiwa amekaa. Wakamnywesha akiwa amelala, akapaliwa, wakasema unaona, hana nguvu, apumzike.

Siku moja mchana nikakuta kidumu kimekaa juu ya kigoda. Kamba imelegea, mguu hauvutwi na chochote.

"Nani ameweka hiki kigoda?"

"Mi, mwanangu," akasema shangazi yangu bila wasiwasi. "Mutu muzima anavutwa sawa mbuzi wa kuchinjwa? Nimemuonea uruma."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Si unaona leo ata alii?"

Asubuhi ile daktari alikuwa amepita na wanafunzi wake. Alisimama miguuni pa kitanda kile, goti lake karibu ligonge kigoda, akasema "évolution favorable," akawafasiria na wageni kwa Kiswahili kwamba mambo yanaendelea vizuri. Nilikuwepo, nyuma ya wanafunzi, na mimi sikukiona kigoda kwa sababu ya watu. Uzito aliokuwa anausifu ulikuwa umeketi kitini kama mgeni. Nikakiondoa. Jioni niliporudi, binamu yangu alikuwa amekipakata kile kidumu mapajani kama mtoto mchanga, huku anapiga soga. Nilisema maneno yaliyomfanya mgonjwa wa kitanda cha pili aache kula. Na sikujua hata nimkasirikie nani, maana mimi mwenyewe sikuutaka ule mchanga tangu mwanzo.

Mwenye neno la mwisho nyumbani kwetu ni kaka. Baba alipofariki yeye ndiye aliyebaki na funguo za kila kitu, na bila yeye kuweka sahihi hakuna daktari ambaye angemgusa mama kwa kisu. Nikamfuata gereji, akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikazungumza na miguu.

"Mama hapasuliwi," ikajibu sauti kutoka chini. "Baba mudogo alikufa kwa kisu."

"Baba mdogo alifika hospitali utumbo umeshapasuka wenyewe."

"Alikufa kwa kisu."

"Ekseli ikikatika, unaiacha gari ipumzike mpaka ijishike?"

Akajitoa chini ya gari, akakaa, akanitazama. "Gari aiko na roho, dada. Ikinifia mikononi nanunua ingine."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye kwa sababu alikuwa anaogopa, na hasira na mimi kwa kuleta mfano wa gari. Lakini nilielewa kitu. Mtu akifa mezani, kuna mkono wa kuulaumu: aliyepasua, aliyeweka sahihi, aliyeshauri. Akifa kitandani chumba cha nyuma, hakuna aliyemuua. Watu wanasema siku yake ilifika, wanakula ubwabwa, wanarudi kazini. Kaka na daktari, wasioelewana kwa lolote, walikuwa wamekubaliana hapo bila kuambizana: mama afe kwa namna ambayo haitamgusa yeyote.

Vichochoro viwili kutoka kwetu anaishi mwanamke anayeuza vitenge sokoni Jabe. Mama yake alilazwa wodi yetu kabla ya Ramadhani iliyopita, mvunjiko ule ule, kidumu kile kile. Nilimkumbuka akitolewa, daktari aliusifu mguu. Nikaenda kumuuliza kitu ambacho hospitali haikuwahi kumuuliza.

"Mama yako alitembea tena?"

Alikuwa anakunja vitenge. Akaacha.

"Mama yangu alikufa. We si ulikuwa unatembelea matanga zote? Iyi ukuisikia?"

Nilimwomba anieleze ilivyokuwa. Akanieleza kwa kifupi, macho yakiwa kwenye kitambaa. Alimgeuza asubuhi na jioni, alimpaka poda na mafuta, alilala sakafuni kando ya kitanda chake. Kidonda kikaanza kisigino, kikaja mgongoni, mpaka mfupa ukaonekana. Kisha kikohozi. Kisha basi.

"Watu waliniambia siku yake imefika. Nikasema alhamdulillahi." Akainua uso. "Juu ya nini unaniuliza? Unataka kusema sikumutunza?"

"Ulimtunza. Hakuna ambaye angemtunza kukushinda. Ni kitanda, dada yangu. Kile kitanda ndicho kilichomuua."

"Toka," akasema.

Nikatoka. Nilistahili kufukuzwa na sikujali, maana nilichokuwa nimekifuata nilikuwa nacho. Nilikwenda moja kwa moja gereji, nikamshika kaka kwenye mkono wa ovaroli, nikampeleka wodini. Sikumhubiria. Niliinua shuka upande wa miguu nikamwonyesha kisigino cha mama, kilikuwa kimeanza kuwa cheusi, nikamwambia kidonda cha mama wa yule muuza vitenge kilianzia hapo hapo, na kilipoishia. Akainama kutazama. Akasikia harufu. Kaka yangu amenusa injini zilizoungua maisha yake yote, lakini alirudi nyuma hatua nzima.

Tukaanza kubishana, yeye kwa kunong'ona na mimi sivyo, kila mmoja upande wake wa kitanda. Mara sauti ikatoka katikati yetu.

"Na mi mutaniuliza lini?"

Tukamgeukia.

"Munabishana juu yangu sawa vile nimekufa," akasema mama. "Muganga anauliza kaka yako. Kaka yako anauliza wazee. We unauliza vitabu. Mi nani ameniuliza? Tangu nilale apa, nikiletewa bakuli ya choo mwanangu wa kiume anageukia ukuta. Ataki kuniona, na mi sitaki anione. Mi nataka kwenda chooni na miguu yangu. Wanipasue. Nikifa, nimekufa nikienda."

Kaka alilia, kwa mara ya kwanza tangu azike baba. Mimi sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno, na safari hii nilijikasirikia mwenyewe, tena kwa haki: siku zote zile nilikuwa napigania ushahidi na sikumuuliza mwenye mguu.

Kaka akaweka sahihi. Daktari akasema ni kwa jukumu letu, akasema mara mbili ili wauguzi wasikie, kisha akanawa mikono akaingia. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alifanya kazi safi. Walimchoma mama sindano ya mgongo, hakulala hata usingizi, alikuwa anasoma nyiradi zake huku wanamgongea chuma. Mikono ya yule bwana ni mizuri ajabu. Alikuwa nayo siku zote.

Kesho yake nikamsimamisha. Shangazi alipiga yowe, wageni wakaniita muuaji, mmoja akatoka nje kutafuta mtu wa kunizuia. Mama naye hakunihurumia. "We mutoto una roho ya jiwe," akasema, meno yameumana, vidole vyake vimezama begani kwangu. Lakini alikuwa anayasema akiwa wima. Siku chache baadaye kaka alikuja na fremu ya kutembelea aliyoichomelea mwenyewe kwa mabomba ya ekzosi, ameipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lori la mtu. Kwa fremu ile mama alikwenda chooni, akajifungia mlango kwa ndani, akakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tulimsikia akicheka peke yake.

Daktari alimwonyesha kwa wanafunzi. "Beau résultat," akasema, yaani matokeo mazuri, akieleza jinsi alivyomfanyia. Nikasubiri wanafunzi waondoke. Kitanda alichokitoka mama tayari kilikuwa na bibi mwingine, Mkongomani aliyekimbilia huku na wajukuu, mguu umefungwa kamba, kidumu kinaning'inia.

"Na huyu?" nikauliza. "Huyu tutampasua lini?"

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze kugombana. "Madame la kiné. Mugonjwa mumoja si ushahidi. We ndo unapaswa kujua vile."

Ningeweza kumrushia kile kidumu. Alikuwa na haki. Mgonjwa mmoja si ushahidi, hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, na alilichukua neno langu mwenyewe akalifanya mlango wa kunifungia nje.

Mama alipopata nguvu alitaka kwenda kwa yule mwanamke wa vitenge. Alikuwa amesikia nilivyomwendea, na alisema nimemtia aibu, mtu haendi nyumba yenye msiba kuuliza maswali bila kutoa pole kwanza. Ataitoa yeye. Tukapita mbele ya magereji polepole, fremu ya kijani ikikwaruza barabarani, mafundi wakisimamisha nyundo zao kumwamkia. Tukagonga.

Mwanamke alifungua mlango, akamtazama mama usoni, kisha miguuni. Hakutukaribisha. Alibaki ameitazama ile miguu.

"Ni mufupa ile ile?" akaniuliza.

"Ni ule ule."

"Na muganga ni ule ule?"

"Ni yule yule."

"Sasa mama yangu naye angesimama?"

Mama alinigeukia, akinisihi kwa macho. Na lile neno la matangani likanijia ulimini, tamu, tayari: siku yake ilifika. Lilikuwa linatosha. Lingetufikisha sote ndani kunywa chai.

"Sijui," nikasema. "Pengine angesimama, pengine angekufa wakimpasua. Lakini nafasi ilikuwepo, na hawakumpa."

Hakulia wala hakutufukuza. Alimshika mama mkono akamwingiza ndani, akamkalisha. Hatukulizungumza tena.

Siku ya kliniki iliyofuata nilikuwa chumba cha daktari, nimepeleka magongo ya kijana mmoja. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Akaitwa anayefuata, akaingia yule mwanamke, amevaa kitenge kipya, mikono mitupu. Daktari alikuwa anaandika na hakuinua kichwa.

"Unaumwa wapi, mama?"

"Siumwi."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Ulituma mama yangu nyumbani, mguu yake imenyooka. Ulituambia Ramadani ikiisha tumurudishe, uone vile anatembea." Alisimama wima mbele ya meza. "Ndo nimerudi."

Daktari akatazama mlangoni nyuma yake. "Yuko wapi?"

"Makaburini. Nilizani akuna mutu alikwambia."

Daktari akaweka kalamu chini. Alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama yeye, akamwonyesha kiti.

"Apana," akasema. "Ntasimama."